HbA1c au sukari ya kufunga: apime kipi?

Nungunungu: Wakuu, naomba ushauri. Shangazi kapima kidole, mashine ikasoma 7.4 (mmol/L). Sasa, kujua kama ana kisukari, apime HbA1c (sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu) au sukari ya kufunga (kabla ya kula chochote) ya mshipani? Bajeti ni ya kipimo kimoja.

Mdodosi: 7.4 kabla ya kula au baada? Ana kiu, anakojoa sana, anapungua uzito? Ana upungufu wa damu? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Kengele: HbA1c, hakuna mjadala. Hafungi, anaenda saa yoyote. Sukari hunata kwenye himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo unaona miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kuanzia 6.5% ni kisukari, 5.7 hadi 6.4 yuko ukingoni. Hiyo ya kufunga mtu anajinyima siku tatu, majibu yanapendeza.

Kifuniko_Kijivu: Mtego uko kwenye hizo siku 120. Mwenye selimundu chembe zake hufa mapema, hazipati muda wa kunatwa na sukari, kipimo kinashuka kwa uongo. Upungufu wa madini chuma nao unaweza kukipandisha.

Kengele: Na ya kufunga ina usalama gani?

Kifuniko_Kijivu: Ina balaa lake, na wengi hawalijui. Chembe zinaendelea kula sukari ndani ya tyubu, asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la chumbani. Damu itolewe saa mbili asubuhi, ikae mezani ikisubiri mhudumu mpaka saa tano: iliyokuwa 7.3 inasomeka karibu na 6.1. Mtu ana kisukari, anaambiwa hana. Tyubu ya kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuzuia chembe zisile sukari, lakini floridi huchukua saa moja hadi mbili kufanya kazi sawasawa, na isipogeuzwageuzwa taratibu mara 8 hivi haichanganyiki. Dawa ni barafu, na plazma (majimaji ya damu) itenganishwe na chembe ndani ya nusu saa. Ulizeni wanasafirisha vipi sampuli kabla hamjalipa.

Nungunungu: Alikuwa ameshakunywa chai. Kufunga ni kwa muda wa saa ngapi?

Mdodosi: Basi hiyo 7.4 si ya kufunga, na mashine nzuri yenyewe inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15. Hapo ni 6.3 hadi 8.5 hivi. Kidole chenye utomvu wa tunda ndio kabisa! Afunge saa 8 au zaidi. Maji ruksa, chai hapana, hata bila sukari. Mpaka wa kisukari ni 7.0.

Tui_Zito: Kwetu mpaka ni 126 (mg/dL).

Mdodosi: Ni ileile, mkuu. Zidisha 7.0 kwa 18.

Tui_Zito: Mbona hamtaji kipimo cha kunywa glukosi? Gramu 75 kwenye maji mililita 300, anamaliza ndani ya dakika 5, anakaa chini, damu inatolewa tena baada ya saa mbili. 11.1 kwenda juu ni kisukari. Kinanasa wanaoponyoka kwenye vyote viwili.

Kengele: Akitapika je? Unaanza upya siku nyingine. Na siku tatu kabla asikwepe wanga, la sivyo majibu yanapanda bure.

Nungunungu: Nilisahau: aliongezewa damu mwezi jana.

Mdodosi: Ungeanza na hilo! HbA1c weka kando miezi mitatu, sasa hivi mnapima damu ya mchangiaji.

Kengele: Kwa huyu nimesalimu amri. Ila kwa ufuatiliaji wa baadaye bado nasimama na HbA1c.

Kifuniko_Kijivu: Au fruktosamini, kipimo cha sukari iliyonata kwenye protini za majimaji ya damu, inaonyesha wiki mbili hadi tatu na haijali chembe nyekundu. Halafu hiyo bajeti ya kipimo kimoja haitoshi: kama hana dalili, jibu la juu lazima lithibitishwe kwa kipimo cha pili.

Nungunungu: Tufanye ya kufunga imetoka 6.8. Ana kisukari au hana?

Kifuniko_Kijivu: 6.8 ya tyubu iliyokaa mezani muda gani?