Leza ya meno ni kweli haiumi kama drili au ni biashara tu?

MwogaWaKiti:
Wadau habari zenu. Nina gego la chini limeanza kutoboka, tundu dogo tu, na lingine la juu lilizibwa zamani kwa ile dawa ya rangi ya fedha sasa pembeni imeanza kuachia. Siumwi sana ila nikinywa kitu cha baridi nashtuka. Shida yangu ni mlio wa drili jamani, yani nikiusikia tu kutoka chumba cha pili miguu inakosa nguvu, mara ya mwisho nilimshika daktari mkono mpaka akaacha kazi tukawa tunatazamana. Sasa kuna daktari mmoja kaniambia ana leza, haitetemi, haina sindano, kimya kabisa, ila bei ni mara mbili. Aliyewahi kufanyiwa aniambie ukweli, au ndo napigwa?

MamaPacha:
Pole mwaya. Mimi nilifanyiwa ya fizi, sio ya jino. Fizi ilikuwa imefunika nusu ya gego la mwisho, chakula kinaingia chini yake panavimba kila baada ya wiki mbili. Walipaka ganzi ya jeli, wakakata, damu kidoogo, hakuna kushonwa, kesho yake niko kazini. Dada yangu tatizo hilohilo alikatwa kwa kisu akashonwa nyuzi na shavu likavimba siku nne. Ila hakuna aliyeniambia kuhusu harufu!! Kama nywele zinaungua na zinaungua mdomoni mwako mwenyewe 😂

Gego32:
Nipo kwenye hii kazi ya meno, ngoja niseme kidogo. Leza sio moja. Aliyotumiwa MamaPacha yaelekea ni ya daiodi, mwanga wake unanyonywa na damu na rangi ya ngozi kwahiyo inakata fizi huku inaziba vimishipa, ndo maana damu inakuwa kidogo. Hiyo kwenye jino haichongi, italipasha moto tu. Ya kuchonga jino ni erbiamu, inayotumika sana ni ya nanomita 2940 (ndo urefu wa wimbi la mwanga wake), na huo mwanga unanyonywa na maji kuliko kitu kingine chochote, sasa sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko sehemu isiyooza, ukiipiga yale maji yanageuka mvuke ghafla yanapasuka na kutoka na uozo wake, sehemu nzuri ya jino pembeni inaguswa kidogo. Sio kitu cha jana pia, Marekani waliiruhusu kuchonga jino 1997.

Mtetemo kweli hakuna. Kimya hapana, inapiga ta-ta-ta-ta na maji yanapulizwa muda wote ili jino lisipate joto. Sindano, kwa tundu dogo wengi wanamaliza bila ganzi, likiwa limekaribia neva usimwahidi mtu.

Ila mkuu hilo la juu leza hailigusi. Ziba ya chuma kama hiyo yako ya rangi ya fedha inarudisha mwanga na inapata joto kali, inatolewa kwa drili tu.

Mbishi_Sana:
Hapo ndo nilikuwa nasubiri. Mimi nililipa hela ya "leza" nikaona taa ya bluu inamulika jino nikatoka natamba mtaani, kumbe ile ni taa ya kugandisha dawa ya kuziba, ipo kila kliniki. Na hata ukichongwa kwa leza halisi, kinachobaki mdomoni ni ziba ileile, sijaona ikidumu zaidi kisa tundu lilichongwa kwa mwanga.

Gego32:
@Mbishi_Sana umenichekesha, ila upo sahihi, hiyo ya taa ya bluu tunaulizwa sana. Na niongeze, ukiambiwa leza itatoa ugaga na kuponya fizi bila kukwanguliwa kataa, kukwangua bado ndo kazi yenyewe, leza ikiongezwa juu yake mara nyingi tofauti ni ndogo. Kusafisha ndani ya mzizi wa jino nako hivyohivyo, vile vifaili vyembamba vya kukwangulia humo na dawa ya kusafishia haviepukiki.

MwogaWaKiti:
Kwahiyo nikifika nimuulize nini, maana nikikaa kwenye kile kiti akili inaondoka yote

Gego32:
Muulize leza yake ni aina gani. Akikwambia daiodi na anataka kuchongea jino, shuka kwenye kiti. Na kabla hajawasha wote mvae miwani maalum ya leza hiyohiyo, wewe, yeye na msaidizi, sio miwani yoyote tu. Halafu muda, inachonga taratibu kuliko drili kwahiyo usishangae ukikaa zaidi.

MwogaWaKiti:
Shukrani wote. Basi la chini nalipia leza, tundu dogo na hela ipo. La juu ndo hivyo tena, naziba masikio na iafoni sauti mpaka mwisho, na mikono nimemwambia mume wangu aje aishike yeye.