Ruaha Mkuu unakauka, mabanio ya Usangu yako wazi kiangazi kizima, na hakuna ofisi inayopima maji

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia vya kutosha, na sasa naandika kwa hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Mto Ruaha Mkuu, ambao wazee wa Usangu, bonde la mpunga wilayani Mbarali, Mbeya, wanaukumbuka ukitiririka masika na kiangazi, ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo kukauka kwake kumekuwa jambo la karibu kila mwaka. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 mto huu utarudi kutiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulikuja ukapita. Hadi leo viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope kiangazi kinapokolea, na hadi leo viongozi wanakuja na msafara wa magari kutueleza kwamba tatizo ni wavamizi wa vyanzo vya maji, kisha wanaondoka bila hata kushuka mtoni kutazama lango la banio, yaani ukuta unaokinga mto na kuyaingiza maji mferejini.

Mimi ni mkulima wa mpunga, shamba langu liko mkiani mwa mfereji, na ninachokilalamikia nakiona kwa macho yangu. Skimu yetu ya umwagiliaji ina kibali cha kutumia maji kilichoandikwa lita kadhaa kwa sekunde, na ada tunailipa kwa kiasi hichohicho kilichoandikwa. Hakuna anayejua tunachukua kiasi gani hasa. Rula ya chuma iliyosimikwa kando ya banio ili kupimia kina cha maji imepinda, nusu yake imefukiwa na mchanga, na namba zilizobaki zimeliwa na kutu kiasi kwamba huwezi kutofautisha tatu na nane. Lango lenyewe lina usukani wa kulipandishia na kulishushia, lakini uzi wake wa skrubu umekufa na lango limekwama juu. Masika halina madhara, kwa kuwa mto umejaa. Kiangazi, mto unapobaki kijito, maji yote yanaingia mferejini, na chini ya banio unavuka mto kwa viatu bila kulowa.

Ifahamike pia kwamba mabanio haya ya zege hayakujengwa na mkulima mdogo kwa ujanja wake. Zamani tulikuwa na mabanio ya mawe, miti na majani, ambayo yalivuja na kusombwa na mafuriko, na kwa kuvuja kwake yaliwaachia wa chini maji yao. Ikaja miradi ya kuboresha umwagiliaji, ikajenga kuta imara zinazoweza kuukinga mto mzima wakati wa kiangazi, ikakabidhi funguo, ikaondoka. Ujenzi uliitwa maendeleo, nami sibishi kwamba mavuno yaliongezeka, lakini kujenga ukuta wa namna hiyo bila kuweka mtu wa kupima na kufunga lango ni uzembe wa usimamizi, na uzembe huo una wenyewe.

Badala ya kuushughulikia, wamehangaika na watu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na bonde oevu la Ihefu, mifugo ikasafirishwa hadi Lindi na Pwani, familia zikapoteza ng'ombe njiani. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na hifadhi, ambayo ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaanza upya. Sisemi kwamba ng'ombe hawaharibu kingo za mto. Lakini utafiti uliofanyika Usangu kuanzia mwaka 1998 ulikwishaonyesha kwamba kinachoukausha mto kiangazi ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani, wala si midomo ya ng'ombe. Matokeo hayo yamekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ng'ombe waliondoka na mto ukaendelea kukauka, na sijasikia kiongozi aliyesimama hadharani kulieleza hilo.

Mtu atauliza kwa nini tunachukua maji kiangazi wakati mpunga umeshavunwa. Wapo wanaolowesha majaruba mapema, mvua bado, ili mpunga wao uwahi soko kabla bei haijaporomoka. Hao wanajulikana, na wengi wana mashamba makubwa karibu na banio. Lakini sababu nyingine haizungumzwi: vitongoji vingi havina bomba wala kisima, na mfereji ndio maji ya kunywa, ya kufulia na ya mifugo. Ili ndoo chache zimfikie mama wa mkiani, mfereji wa kilomita nyingi inabidi ujazwe mchana na usiku, na sehemu kubwa ya maji hayo inapotelea ardhini na juani. Kisima kimoja chenye pampu kingeruhusu lango lifungwe kwa miezi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, ikifuatiwa na mazingira, na shughuli nyingine zote baadaye. Huku kwetu mpangilio huo umegeuzwa juu chini.

Ukienda kulalamika, ofisi ya wilaya inakwambia maji ni ya ofisi ya bonde, inayosimamia mto na kutoa vibali. Ofisi ya bonde inakwambia visima na mifereji ni vya wilaya. Mkoani unaambiwa barua yako imepokelewa. Ushuru wa mpunga, hata hivyo, haujawahi kukosa mwenyewe: kizuizi kipo barabarani siku zote za mavuno, na gunia halipiti bila risiti.

Ninachodai hakihitaji kongamano. Orodha ya vibali vyote vya maji, vya skimu ndogo na vya mashamba makubwa, ibandikwe kwenye ofisi za kata, jina na kiasi. Malango yatengenezwe kwa fedha za ada tunazolipa, na kila banio liwe na rula inayosomeka, isomwe kila wiki mbele ya jumuiya ya watumia maji na namba iandikwe ukutani. Tarehe ya kufunga itangazwe na iwabane wote, akiwamo mwenye ekari mia tano. Visima vichimbwe mkiani kabla ya kufunga, si baada. Na kabla ya kijiji kingine chochote kuamriwa kuhama kwa jina la kuuokoa mto huu, aliyetia saini amri hiyo aje na vipimo vya mabanio yote yaliyo juu ya kijiji hicho, avisome mkutanoni, nasi tumuulize maswali.