MREJESHO: Kundi la wanafunzi wa kozi yetu

Wakuu, niliuliza nifanyeje: wanafunzi wa kozi yetu ya mtandaoni walinijazia simu kwa maswali yale yale, na upande wa huduma kwa wateja nipo peke yangu. Wengi mkasema nifungue kundi wasaidiane wenyewe.

Nilianza na WhatsApp, nikajuta. Majibu mazuri yalizama chini ya salamu na "asante mwalimu". Nikahamia Telegram, ambako mgeni anaweza kusoma mazungumzo ya zamani na kila mada ikawa na sehemu yake.

Wiki za mwanzo kimya kabisa. Nauliza mwenyewe, najibu mwenyewe, kama kichaa. Kilichofungua watu midomo ni wahitimu wawili niliowaomba wajibu kabla yangu. Mimi nasahihisha wakikosea tu. (Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote.)

Mambo ya malipo na nywila bado nayamaliza faraghani, mtu asianike taarifa zake mbele ya wote. Anayelalamika simfuti, namjibu palepale.

Aliyeshauri nibandike jibu la vyeti juu kabisa, ubarikiwe. Swali hilo silisikii tena.