Naomba ushauri: najifunza gari nikiwa na miaka 54, mlima unanishinda

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Iringa. Nimeanza kujifunza gari baada ya mume wangu kuugua macho. Gari lipo nyumbani, wa kuliendesha hayupo, na kliniki lazima aende.

Kwenye tambarare sina shida. Shida ni ule mlima wa kutoka Ipogolo kupanda mjini. Nikisimama katikati, nyuma yangu kuna lori, mguu unatetemeka kwenye klachi, gari linarudi nyuma au linazima. Juzi lilizima mara tatu, nikapigiwa honi hadi machozi yakanitoka. Mwalimu wangu, kijana wa rika la mwanangu, anasema nikanyage mafuta tu. Jirani kaniambia nivute hendibreki, niachie klachi taratibu mpaka nisikie gari linataka kwenda, ndipo niishushe hendibreki. Hii naiona ina akili zaidi, ila mikono na miguu bado haielewani.

Mliojifunza ukubwani, mlizoea baada ya muda gani? Au tuliuze tutafute la otomatiki? Mume wangu hataki hata kusikia, alilinunua kwa jasho la biashara ya mbao, na ninamwelewa.