Ushauri: kifaa gani cha muziki kinafaa kushinda nacho shambani? (Tandahimba)

KoroshoGhafi

Habari za jioni wakuu. Natafuta kifaa cha kusikilizia muziki cha kwenda nacho shamba, huku Tandahimba. Simu janja ipo ila shambani haiendi. Matumizi ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, wakati wa palizi na wakati wa kuokota korosho. Umeme wa gridi shambani hakuna, ipo solar ndogo ya taa yenye tundu la USB. Nasikiliza singeli, taarabu, na mawaidha marefu ya saa nzima na kuendelea. Bajeti isizidi elfu 60.

Madukani kuna aina tatu: MP3 ndogo ya kubana kwenye shati, haina kioo, kispika chenye redio na sehemu ya memori kadi, na MP3 ya kioo cha kugusa iliyoandikwa GB 128. Muuzaji anaisukuma sana hiyo ya kioo. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

FundiRedioMasasi

Mkuu, GB na kioo weka pembeni kwanza. Uliza betri.

Siku yako ina saa 10 za kusikiliza. Hesabu yake: chukua mAh za betri (ujazo wake wa umeme), gawa kwa mA (mkondo) ambazo kifaa kinakula, unapata saa. MP3 ya hedifoni za waya inakula takriban mA 25 hadi 50. Ukiwasha Bluetooth au kioo kikubwa, inapanda. Sasa kile cha kubana kwenye shati mara nyingi kina betri ya mAh 100 hadi 200, tena imechomelewa kwenye bodi. Kikiwa na 150 na kinakula 40, hiyo ni chini ya saa 4. Saa 4 asubuhi haijagonga, kimeshazima.

Kispika kinakula zaidi, mA 150 hadi 400 kulingana na sauti unayofungulia. Uzuri wake ni kwamba vingi vinatumia betri ya kuchomoa aina ya BL-5C, ile ile ya Nokia za zamani, volti 3.7, mAh 1020 ikiwa ya ukweli. Ukikuta BL-5C imeandikwa mAh 2000 au 3000 iache hapo hapo. Umbo lile halina nafasi ya kubeba kiasi hicho. Betri ikichoka baada ya mwaka au miwili unanunua nyingine hapo hapo sokoni, huhitaji fundi. Ile iliyochomelewa ikivimba, kifaa kizima kimekwisha, maana kupata saizi yake huku kwetu ni kazi.

MwanaShangani

Simu janja ya zamani ndiyo suluhisho. Unatoa laini, unaweka kwenye hali ya ndege, unasikiliza siku nzima.

FundiRedioMasasi

Kwa mjini sawa. Shambani kioo ni adui: jasho, vumbi, na jua la saa 7 huoni kitu. Mtu ana jembe mkononi, anataka kubonyeza kitufe ndani ya mfuko bila kuangalia. Halafu simu ya zamani inakuja na betri yake ya zamani.

NgurukaStendi

Kwa nini hakuna anayetaja kitochi? Simu ya vitufe yenye sehemu ya memori kadi na tundu la hedifoni. Vingi vinatumia BL-5C hiyo hiyo. Hata ikila mA 70, mAh 1020 inakupa saa 14. Toa laini kabisa, kwa sababu sehemu mtandao ulipo hafifu simu inatumia nguvu nyingi kuutafuta mnara na betri inaisha bila muziki kuongezeka. Tochi juu yake ni ya bure.

Udhaifu wake upo kwenye mawaidha. Kitochi vingi havikumbuki ulipoishia. Ukizima dakika ya 50, ukiwasha unaanza na salamu upya.

BintiMikindani

Hilo la mawaidha lina dawa. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure inaitwa mp3DirectCut, inakata faili bila kulibana upya. Kata somo la saa moja vipande vya dakika 10, vipe majina 01, 02, 03 mpaka mwisho. Ukipoteza mahali unapoteza dakika chache tu. Na kwa kuwa ni sauti ya mtu anayeongea, mono (njia moja ya sauti) ya kbps 64 (kiasi cha data kwa sekunde) inatosha kabisa: saa nzima inachukua MB 29 hivi. Muziki usiushushe hivyo, fidla na vinanda vya taarabu vinageuka kuwa mchakacho.

Sasa hiyo GB 128. Mara nyingi maandishi hayo yana maana kwamba kifaa *kinapokea* kadi ya hadi GB 128, ndani hamna kitu. Au ni kadi bandia: imechezewa ijitangaze kuwa na GB 128 wakati uwezo wake ni GB 8. Utaijaza vizuri, majina yote yataonekana, ila nyimbo zilizozidi uwezo halisi hazitapiga, au zitakatika katikati. Kipimo chake ni programu ya H2testw kwenye Windows. Inaijaza kadi nzima kisha inasoma kila kitu upya na kukuambia kiasi gani ni cha kweli. Inachukua muda, lakini fanya kabla hujatupa risiti.

Vifaa vingi vya bei hiyo vinasoma kadi zisizozidi GB 32 zilizofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi). Kadi za GB 64 na kuendelea zinatoka kiwandani na mfumo mwingine, exFAT, ukiichomeka kifaa kinakaa kimya au kinakwambia hakuna kadi. Watu wanarudisha kadi dukani wakidhani mbovu.

KoroshoGhafi

Dada asante sana. Vipi kuhusu FLAC, yale mafaili ya muziki yasiyopunguzwa ubora? Muuzaji anasema hiyo ya kioo inapiga FLAC, sauti ya studio.

BintiMikindani

Inaweza kupiga, ila faili lenyewe utalitoa wapi? Ukiichukua MP3 ya kbps 128 ukaigeuza FLAC, unapata faili kubwa lenye sauti ile ile. MP3 ya 128 ni karibu MB 1 kwa dakika, ya 320 ni MB 2.4, FLAC ya ubora wa CD ni kama MB 5 hadi 7. Chini ya mkorosho na hedifoni za kawaida, pesa ya FLAC ipeleke kwenye hedifoni nzuri.

FundiRedioMasasi

Na hapo kwenye hedifoni kuna mtego. Tazama pini: yenye pete mbili nyeusi ni ya kusikiliza tu, yenye pete tatu ina maikrofoni. Baadhi ya MP3 na vispika vya bei ndogo havielewani na yenye pete tatu. Dalili yake: sauti ya mwimbaji inapotea, unabaki na vyombo na mwangwi kama wa pangoni. Si ubovu wa wimbo. Mguso wa ardhi (njia ya kurudishia umeme) kwenye pini umekaa pasipo pake. Jaribu kubonyeza kitufe cha maikrofoni bila kukiachia. Sauti ikirudi sawa, umepata jibu, nunua ya pete mbili. Hedifoni zenye ukinzani wa omu 16 hadi 32 ndiyo saizi ya vifaa hivi. Kubwa kuliko hapo sauti inakuwa ndogo.

Redio nayo inautumia waya wa hedifoni kama antena. Ukienda na hedifoni za Bluetooth, kwa vifaa vingi redio haitashika.

SalfaJuni

Ongezeni la salfa. Tandahimba kuanzia Mei watu wanapulizia unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na unga ule unaingia kila tundu. Salfa inaunguza shaba na fedha zilizo kwenye miguso: inaanza weusi, kisha sauti inakatika upande mmoja, mwisho kadi haisomi. Kifaa chenye vifuniko vya mpira kwenye tundu la chaji na la hedifoni kina maisha marefu zaidi. Kama hakina, kitie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana, upitishe waya kwenye kona moja. Kusafisha ni brashi kavu ya meno kisha spiriti ya asilimia 70 au zaidi kwenye pamba, betri ikiwa imetolewa. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji, na huku pwani unyevu upo wa kutosha.

Na siku ya kupulizia kwa bomba la injini, muziki uache nyumbani. Kelele ya ile mashine inakufanya upandishe sauti ili uishinde, masikio yanaumia mara mbili bila wewe kujua.

MsimbatiPweza

Sisi wa baharini je? Kuna zilizoandikwa IP67.

FundiRedioMasasi

Ile 6 ni vumbi, 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, na kipimo hicho ni cha maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni habari nyingine, suuza kwa maji ya kisima kila ukitoka na usichaji mpaka tundu likauke. Chini ya maji Bluetooth haipiti, kwa hiyo nyimbo lazima ziwe ndani ya kifaa chenyewe.

NgurukaStendi

Mleta mada, kuhusu solar: usitegemee pawabenki kuchaji MP3 ndogo bila kuangalia. Pawabenki nyingi zikiona kifaa kinavuta mkondo mdogo sana zinadhani kimejaa, zinajizima. Chomeka moja kwa moja kwenye solar ya taa. Kama kifaa ni cha USB-C, tumia waya wenye kichwa cha USB cha kawaida upande wa chaja; vifaa vya bei nafuu vingi vimeachwa bila rezista (vipande vidogo vya umeme) za kuijulisha chaja kwamba kuna kifaa, ndiyo maana waya wa C kwa C hauchaji kitu.

Dukani nenda na kadi yako yenye nyimbo na hedifoni zako. Zima na washa uone kama kinarudi pale pale. Tikisa pini ukisikiliza. Fungua mgongo uione betri kwa macho.

KoroshoGhafi

Nimeelewa wakuu. Naenda na kitochi, BL-5C mbili na hedifoni ya pete mbili. Swali moja: nyimbo zangu kama 900 ni za m4a, nimejaribu kubadilisha jina ziwe .mp3 hazipigi. Na zile chache zinazopiga hazifuati mpangilio niliouweka.

BintiMikindani

Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Weka programu ya fre:ac kwenye kompyuta, buruta folda lote, chagua MP3 kbps 160, bonyeza ianze uende kupika. Usiweke 320, chanzo chako hakina cha kuongeza. Sauti za WhatsApp nazo ni za opus, zipitishe humo humo.

Mpangilio unavurugika kwa sababu vifaa hivi vinapiga kwa mfuatano ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi, majina havisomi. Fomati kadi upya kwa FAT32, kisha nakili folda moja moja kwa mfuatano unaoutaka, ukisubiri moja liishe ndipo lifuate jingine. Kama zimeshaingia, DriveSort inazipanga upya bila kuzifuta.

Nyimbo 900 za dakika nne nne kwa 160 ni GB 4.3 hivi. Kadi ya GB 8 inakutosha, na mawaidha ya mono yanapata nafasi ya saa zaidi ya 100.