Unga wa kuvu wa mizizi na DAP shimo moja: utashika?

Mche_Kitalu: Habari wakuu. Nina ekari moja: nusu vitunguu, robo mahindi, robo sukuma wiki. Nimepata unga wa kuvu wa mizizi, aina ya Rhizophagus irregularis. Muuzaji anasema nichanganye shimoni na mbolea ya DAP, mfuko wa kilo 50 kwa ekari. Naombeni ushauri kabla sijapanda.

Fundi_Udongo: Sukuma wiki itoe kwenye hesabu. Jamii ya kabichi ilishapoteza jeni za ushirika huu, ambao kuvu huuletea mzizi fosforasi nao mmea huilisha, hata umwage gunia zima haishiki. Unga peleka kwenye vitunguu kwanza. Mizizi yake ni michache na vinyweleo ni haba, hivyo vinaitegemea kuvu kuliko mahindi.

Tatizo ni DAP. Mfuko huo una fosforasi halisi karibu kilo 10. Mzizi wenye njaa ya fosforasi hutoa strigolaktoni, kemikali za kuiita kuvu. Kuvu ikizipata hutoa matawi mengi na kuachia vipande vifupi vya kitini, kijenzi cha ukuta wa seli zake. Vipokezi kwenye utando wa seli za mzizi hushiriki kuvitambua. Kwa mpunga kimojawapo ni CERK1, ambacho pia hutumika kwenye ulinzi dhidi ya magonjwa. Baada ya hapo kalisiamu hupanda na kushuka ndani ya kiini cha seli, protini CCaMK inausoma mdundo huo, jeni za kupokea kuvu zinawashwa. Fosforasi ikijaa, protini za SPX huikamata PHR, protini inayowasha jeni za njaa ya fosforasi, na jeni hizo haziwashwi ipasavyo.

Mche_Kitalu: Nikiiweka DAP pembeni, sentimita 5?

Fundi_Udongo: Mbegu haitaungua, ila mmea haudanganyiki. Habari ya fosforasi husambaa mwili mzima, hata mizizi ya upande usio na mbolea hupunguza kupokea kuvu. Pima udongo. Fosforasi ikiwa ya kutosha, usipoteze hela kwenye unga. Ikiwa chini, punguza DAP, naitrojeni ijazie kwa mbolea ya CAN baadaye. Unga uguse mzizi: weka chini ya mbegu kitaluni, usiutupe juu ya udongo.

Dada_Maabara: Naongezea: usimwagie kabendazimu (dawa ya ukungu) kitaluni, inaua na hiyo kuvu. Na kama robo ya mahindi ina kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, jua mbegu zake huamshwa na strigolaktoni hizohizo.

Wiki ya 6 baada ya kupanda, hakikisha kama kuvu imeshika. Vaa glavu, chemsha mizizi myembamba kwenye potasiamu haidroksidi 10% hadi ing'ae, suuza, itie siki kidogo. Kisha chemsha dakika 3 kwenye siki nyeupe yenye wino mweusi 5%, uioshe kwa maji yenye matone ya siki. Kwenye hadubini tafuta vichaka vidogo ndani ya seli. Nyuzi za nje peke yake si ushahidi.

Mche_Kitalu: Asanteni. Kipimo cha udongo kwanza.