Naomba ushauri: kashata za rangi za bendera kwa 9 Desemba

Wakuu, wenye mkono wa kashata nisaidieni. Kipimo ni nazi iliyokunwa vikombe 2, sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, iliki. Kijani, njano na bluu hazisumbui, mradi sukari isianze kuungua. Ikiungua kidogo tu, bluu inageuka kijani. Kazi ipo kwenye nyeusi. Kakao inaishia kahawia, na rangi ya maji ikizidi shira inalegea, kashata hazishiki. Ufuta mweusi uliosagwa utafaa? Kiasi gani?

Pia, tabaka la pili limwagwe la kwanza likiwa vuguvugu? Likipoa kabisa yanaachana ukikata.

Mapambo: karatasi za rangi zikipigwa na mvua za vuli zinachuja ukutani. Mnatumia nini barazani?